Hukuwa Mtulivu, Mama

Mama yangu kipenzi,

Jana tulikufanyia arobaini kule Ruponda. Kaka yako, Mjomba Saidi, alisimama mbele ya watu akasema ulikuwa mwanamke mtulivu, msikivu, usiyepingana na wakubwa. Watu wakaitikia. Mimi nilikaa mkekani damu ikinichemka, kwa sababu huyo aliyekuwa akisifiwa sikumjua.

Ninayemjua mimi ni wewe wa mwaka ule nilipokuwa darasa la sita, Mwalimu Anselmi alipotangaza safari ya Lindi: kulala kwenye mahema ufukweni na kujifunza kuendesha mitumbwi baharini. Wasichana tulikuwa wanne tu. Mjomba, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, alikuja asubuhi, hata kiti alikikataa. "Mwari aliyetoka unyagoni halali nje na wavulana," alisema. "Akienda bila mama yake, nani atamwoa?"

Ulikuwa unapepeta ufuta. Ukamaliza ungo mzima ndipo ukamjibu.

"Basi nitakwenda naye."

Alicheka. Hakujua kuwa hukuwa ukitania.

Tulipanda lori la watu wa karanga pale Nachingwea, umekaa juu ya magunia, umejifunga kaniki mpya, unanibana mkono kila lilipotikisika. Ulipoiona bahari kwa mara ya kwanza ulikwenda moja kwa moja hadi majini. Ulichota maji kwa kiganja, ukaonja, ukatema, kisha ukacheka mpaka ukakaa mchangani.

Kesho yake Mwalimu akatugawa. Wavulana wangevuka ghuba kwa mitumbwi na kulala ng'ambo. Sisi wasichana tungebaki kupika. Uliniuliza amesema nini, maana Kiswahili chake cha shule kilikuwa kinakupita. Nilipokueleza ulijibu kwa Kimwera, nami nikamfikishia Mwalimu: "Mama anasema kupika tunajua. Hatukutoka Ruponda kuja kujifunza kupika."

Mwalimu akasema bahari si mchezo wa wanawake. Hilo hukungoja nikutafsirie. Ulipandisha kaniki, ukaingia majini, ukakaa katikati ya mtumbwi wa mwisho na kutuita. Mwenye mitumbwi alicheka, lakini makafi alitugawia.

Tulipofika katikati ya ghuba upepo ukageuka. Mawimbi yakatupiga ubavuni, maji yakaingia mpaka vifundoni. Zuhura, mwenzangu wa dawati moja, alianza kulia, akaachia kafi lake likaenda na maji. Hata mimi mikono ilikuwa imekufa. Wewe, usiyejua kuogelea, ulinyakua sufuria ukawa unachota maji na kuyamwaga nje, huku ukiimba wimbo wa kutwangia, ule wa mapigo mazito, na kila pigo ukitukazia macho mpaka makafi yetu yakakutii. Tulifika nyuma ya wavulana wote, tumelowa chapachapa, lakini tulifika. Hema letu tulilisimamisha wenyewe. Liliinama upande mmoja kama mlevi, na kila mvulana aliyekuja kulinyoosha ulimfukuza.

Tuliporudi nyumbani, Mjomba alikuwa ameshaukusanya ukoo. Alisema umewaaibisha na mchumba aliyekuwa amenitafutia amekataa. Niache shule nikae ndani, la sivyo utoke kwenye shamba la ukoo. Uliomba maji, ukanywa ukamaliza kata nzima.

"Shamba chukueni," ulisema. "Mtoto anasoma."

Hivyo ndivyo tulivyohamia Mbekenyera, na jembe, mtungi na kuku wawili. Ulifyeka pori peke yako nikiwa shuleni. Mwaka wa kwanza tulikula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, mpaka nikaichukia. Mwaka wa pili ukavuna mtama, baadaye ufuta, ukapanda na mikorosho. Nikamaliza shule, nikawa mwalimu, na wewe sokoni ukawa unawaambia hata wasiouliza, "Yule mwalimu nimemzaa mimi."

Kwa hiyo jana, Mjomba alipoendelea kusema kwamba kabla ya kufa ulijuta, na kwamba wasia wako ni mimi niache ualimu nikaolewe na mtu aliyemchagua yeye, nilisimama. Mimi ndiye niliyekulisha uji siku zako za mwisho. Hukujuta. Ulilalamika tu kwamba uji hauna chumvi.

"Mama hakuwa mtulivu," niliwaambia, nikawasimulia yote, toka ule ungo wa ufuta mpaka pori la Mbekenyera.

"Kaa chini, binti," Mjomba alisema. "Sasa mama yako ni mimi."

"Shikamoo, Mjomba," nikamjibu. "Mama yangu amekufa, na nafasi yake hakumwachia mtu."

Watu wakaguna. Mama mdogo, mdogo wako aliyenyamaza miaka yote hiyo, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Mwacheni aseme," alisema. Nikasema mpaka nikamaliza, na sikukaa.

Nimechoka, Mama, na nakukumbuka hadi kifua kinauma. Asubuhi nilichemsha uji wa watu wawili. Lakini siogopi.

Leo nimerudi Mbekenyera, na nyuma yangu Mjomba ametuma neno kwamba atakuja kulichukua na shamba hili, kwa kuwa ni mali ya dada yake.

Aje. Atanikuta napalilia.

Pumzika, Mama. Huku nipo mimi.

Mwanao, uliyemzaa mmoja