Mume Wangu Aligeuza Shimo la Choo Kuwa Duara

Shangazi Apolonia, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Kambarage, hapa hapa Shinyanga mjini, kila Jumamosi nasoma barua za wenzangu nikicheka na kusema watu wengine bwana, wana mambo, na leo yamenikuta mwenyewe, kwa hiyo naomba unishike mkono na usinicheke sana, ingawa mwanzoni utacheka tu, najua.

Mume wangu anaitwa Maduhu. Kazi yake iko Segese kwa wachimbaji wadogo, zamani alikuwa akishuka mashimoni, sasa anasimamia karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na nyumbani anakuja siku mbili kwa mwezi, nazo nusu yake anazimalizia amelala. Watoto wetu ni wawili, Nelly wa darasa la sita na mdogo wake Mageni wa darasa la pili, na hawajawahi kuliona ziwa kwa macho yao. Basi mwaka huu mume wangu akaomba ruhusa ya wiki mbili, mwezi wa sita shule zimefungwa, tukapanga vizuri kabisa, siku nne za mwanzo tumalize shimo la choo cha ndani, maana choo chenyewe kina sinki na vigae tangu mwaka juzi na hakuna pa kumwaga, halafu twende Mwanza kwa dada yangu Paskalia siku nane, watoto wapande kivuko, wale sato, wakanyage maji. Nikashona vitenge sare familia nzima. Nikatangaza kwaya nzima. Nakiri Shangazi, nilitangaza mpaka kwa muuza mkaa.

Fundi Marselino alikuja Jumatano na sururu yake, mume wangu akamrudisha getini. Akaniambia, "Mama Nelly, mchimbaji mzima nimlipe mtu anichimbie shimo nyumbani kwangu? Segese watanicheka mpaka nihame." Nikaona sawa, hata nikajisikia vizuri kumwona kwangu amevua shati anafanya kazi. Siku ya kwanza akafika kifuani. Siku ya pili akakutana na jiwe jeupe lenye mistari ya kutu, na hapo ndipo safari yetu ilipoishia, maana nilimwona amelishika, akalilamba, akaligeuza juani, akalilamba tena. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Ongea taratibu, majirani watasikia."

Kuanzia hapo hakuliita tena shimo la choo. Akaliita duara, kama wanavyoyaita mashimo ya dhahabu kule kwao, na akaniambia mimi nisilisogelee, eti mwanamke akikaribia duara mwamba unakimbia. Shangazi! Nikamwambia Baba Nelly, hilo duara ni choo changu! Wapi. Akachukua kinu changu cha karanga akatwangia mawe, akachukua beseni langu la kukandia unga wa chapati akaoshea mchanga, na mbao tulizoweka za dari ya sebule akazikata zikawa matimba, zile nguzo za kuzuia udongo usiporomoke. Siku ya safari, saa kumi na mbili asubuhi, watoto wamevaa vitenge, mabegi yako getini, bajaji inapiga honi, na baba yao sauti inatoka chini futi kumi na tano, "Nipeni leo tu." Leo tu ikawa siku nane. Mama mkwe, aliyetoka kijijini kuja kutulindia nyumba, akafika akakuta nyumba imejaa wenyewe, akakaa, akaanza kumenya viazi.

Sasa ngoja niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeahidi moyoni nisikufiche. Watoto hawakulia hata siku moja. Nelly alikuwa anavuta ndoo kwa kamba na baba yake kule chini anamwita bosi, Mageni amekaa juu ya kifusi anapanga mawe, haya yenye mali, haya hayana, na jioni mume wangu anatoka mweupe kwa vumbi kama aliyetoka mashine ya sembe, tunakula wote nje, viazi na mlenda, anawasimulia habari za Segese, nani anaogopa panya, nani akipata hela ananunua miwani. Mimi nilinuna siku mbili. Ya tatu nikacheka mpaka nikamwaga chai. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, Shangazi, sijawahi kukaa na mume wangu siku nyingi hivyo mfululizo. Lakini sokoni nilikuwa napita njia ya nyuma ili wanakwaya wasinione, maana walijua niko Mwanza.

Mwisho akampelekea mchanga wake mnunuzi mmoja wa dhahabu mjini. Yule bwana akautazama, akacheka, akasema hapa kuna mng'aro tu, hata chembe hakuna. Mume wangu akarudi nyumbani, yeye mwenyewe anacheka. Jumapili baada ya ibada akaja Suzana wa kwaya na wenzake wawili, wamesikia tupo, wakauliza habari za Mwanza, na Baba Nelly bila aibu yoyote akawapeleka kuona shimo, akawahadithia yote, wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nikaona wananicheka mimi. Nikasema mbele yao, mbele ya mama yake, mbele ya watoto, "Miaka yote unachimba hujaleta cha maana, sasa umekuja kutuchimbia kaburi nyumbani. Heri lingekufukia."

Shangazi, mke wa mchimbaji hasemi hivyo. Sisi siku akiondoka hatutaji hata shimo, tunasema baba anakwenda kazini, basi. Mama mkwe alijishika mdomo. Mume wangu aliliosha lile beseni langu akalirudisha mahali pake, na kesho yake asubuhi akaondoka, siku mbili kabla ya ruhusa kuisha.

Sasa ni wiki ya saba hajaja. Anaongea na watoto kwenye simu ya mama yake, mchele na mafuta vinakuja na basi, kwangu ni salamu tu. Nimepiga mara tatu hajapokea, na mimi nikanuna. Wiki iliyopita Nelly akaniambia, tena kwa furaha, kwamba baba ameacha karasha, sasa anashuka chini na wachimbaji kwa sababu chini wanagawana vizuri zaidi, anataka Krismasi atupeleke Mwanza safari ya maana ili mama asione aibu. Nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama. Kwenye karasha alikuwa juu ya ardhi, Shangazi. Ni mimi nimemshusha. Wanakwaya wanasema nisijidhalilishe, mwanaume akichoka atarudi mwenyewe. Mama mkwe hasemi kitu, anamenya viazi tu. Mimi Mwanza siitaki tena, namtaka Baba Nelly apande juu arudi nyumbani. Je, nisubiri, au nifanye nini?

Mama Nelly, Kambarage

*

Mama Nelly, marahaba mwanangu. Barua yako imenifikia Jumanne na sikuipanga foleni na nyingine, nilikupigia simu siku ile ile. Haya ninayoandika ni yale yale niliyokueleza kwenye simu, na kwa ruhusa yako nayatoa hapa, kwa sababu wenye mdomo kama wako hapa Shinyanga si wewe peke yako.

Kucheka nimecheka. Nilipofika kwenye beseni la chapati niliweka miwani mezani. Na mumeo nitamsema kidogo kabla sijakugeukia wewe. Maduhu, mwanangu, mbao za dari si zako peke yako. Mke akishakwambia hili ni choo, ni choo. Na hata kama ungekuta dhahabu ya kweli chini ya choo chenu, mali ya ardhini ina leseni na utaratibu wake, huamki tu ukatwanga kwenye kinu cha karanga. Lakini mtu aliyekaa miaka yote kati ya mawe, akiona jiwe jeupe lenye kutu atalilamba, kumkataza ni sawa na kumwambia mvuvi asitazame maji. Alikosea kama mchimbaji. Amekosea, akacheka, akawaonyesha wageni kosa lake. Wanaume wangapi wanaweza hilo?

Sasa wewe. Umeandika mwenyewe kwamba siku ya tatu ulicheka mpaka ukamwaga chai. Basi shida yako ilikuwa nini? Watoto wako walikuwa na baba yao kutoka asubuhi mpaka jioni, wewe ulikuwa na mumeo, mama mkwe anamenya viazi, hakuna mgonjwa, hakuna njaa. Hiyo ndiyo likizo, mama, watu wengine wanaisaka mpaka Zanzibar hawaipati. Shida yako ilikuwa Suzana. Ulikuwa unataka Mwanza ya kusimulia baada ya mazoezi ya kwaya, na ulipoikosa ukaona umekosa kila kitu. Mipango ya nyumba huharibika. Safari huharibika. Mimi mwenyewe nina jiko nililoanza kulijenga mume wangu akiwa hai, na mume wangu ni marehemu mwaka wa tisa. Tunapikia nje na tunashiba.

Kuharibika kwa safari nakusamehe kukasirika. Yale maneno sikusamehei. Unajua mwenyewe ulichosema na ulimwambia nani, kwa hiyo sitayarudia hapa. Mdomo umeponza kichwa, na kichwa chenyewe si chako, ni cha mwenzio. Alipokuwa anafurahi na nyie ulimwambia miaka yake yote ni bure, na yeye ameamini. Ndiyo maana yuko chini leo, mwanangu, wala tusizunguke.

Kwa hiyo husubiri. Hao wanaokwambia usijidhalilishe, waume zao wanarudi kila jioni na mkate mkononi. Mimi nakwambia nenda, na uende hivi. Funga safari kesho kutwa asubuhi, wewe na mama mkwe na watoto wote wawili, mwalimu mwombe ruhusa ya siku moja. Chukueni michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga na kitoweo cha maana, maana huwezi kwenda kuomba msamaha kwa Msukuma ukiwa mikono mitupu. Usimpigie simu kabla. Ukifika, usimwite pembeni. Ulimvunjia heshima mbele ya watu, utamrudishia mbele ya watu, hao hao wenzake anaofanya nao kazi, na mama yake akisikia. Sema ulikosea nini kwa maneno mafupi. Usianze na "lakini". Ukisema lakini, rudi Kambarage.

Halafu omba jambo moja tu, arudi kwenye karasha. Usitaje Mwanza, usitaje mbao, usitaje Krismasi. Akitaja yeye safari ya maana, mwambie hii ya kumfuata yeye ndiyo ya maana. Na kama hataki kuongea, kaeni hapo, msiondoke, pakueni chakula, watoto wakae karibu naye. Atakula. Nimewahi kuona wanaume wanaokataa maneno, sijaona anayekataa michembe ya mama yake.

Kuhusu hilo shimo, hapo sina mzaha hata kidogo. Shimo wazi la futi kumi na tano nyumbani kwenye mtoto wa darasa la pili ni hatari, nashangaa umelala nalo wiki saba. Leo leo lifunikwe kwa mbao nzito. Fundi Marselino mwite, umwombe radhi kwa kurudishwa getini, alifukie mpaka kina kinachotakiwa, ajengee tofali, aweke mfuniko kabla mvua za Novemba hazijaanza. Kwaya nayo, Jumapili wasimulie yote mwenyewe, kuanzia kwenye kinu. Watacheka. Cheka nao, ni hadithi nzuri kuliko ya kivuko.

Haya ndiyo niliyomwambia Jumanne, ndugu wasomaji, na Alhamisi saa saba mchana simu yangu ikaita, nikasikia kelele za karasha na mtu analia. Nilishtuka sana. Nikauliza, "Mama Nelly, kuna nini? Amepatwa na nini?" Akazidi kulia. Nikaanza kutafuta viatu, sijui nilitaka kwenda wapi. Mara simu ikachukuliwa na mwanaume, sauti nzito, anatafuna.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Maduhu. Nimepanda juu. Shangazi, naomba umwambie huyu anyamaze, wenzangu wote wamekuja wanauliza nani kafa."

Nikamwambia, "Yuko hapo pembeni yako, mwambie mwenyewe." Nikakata simu, nikakaa, nikalia na mimi.