Disketi Iliyogoma Mara Tatu

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Nguo zianue mvua ikianza.

Asubuhi umejaribu mara tatu kutengeneza disketi ya kuwashia hiyo kompyuta yako kuukuu, ikagoma, ukamgombeza binti yetu kwamba kaiharibu. Kanuna, hata chai hakunywa. Ulipoingia kuoga nikaigeuza: kile kidude cha pembeni kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo haiandikiki. Nikakisogeza kwa ukucha, nikarudia, ikakubali papo hapo. Na kwenye lebo kuna mwandiko wako, mzee mzima: “Nimeifunga. Mtu asiiguse.”

Disketi ~~iko kabatini~~ Hapana, nimebadili mawazo. Anayo binti yako kwenye begi, anarudi saa kumi. Muombe msamaha, atakupa.

Nimemwambia asikubali haraka.

Mama Watoto