Taa Haiko Mugonjwa, Inasalimia Jua

Kolwezi, Jumamosi, siku ya posho

Tata yangu mupendwa,

Yambo yenu, yambo ya mama, yambo ya bote mu lupango. Muko namna gani? Magoti inawaachilia mulale, ao ingali inasumbua tangu mvula ilianza? Na mama, ile kikohozi ilikwisha? Mi niko na afya, ninakula, ninalala, na leo, Tata, ninatembea mu Kolwezi sawa barabara ni yangu. Muikale chini muzuri. Ninawajua, mutaruka mistari mutafute mwisho. Musiruke! Hii habari ilinihangaisha miezi tatu, ninyi mutaivumilia kurasa mbili tu.

Barua ninaiweka mu mikono ya Mama Anasitazi, ule muuzishaji ya samaki ya kukausha mwenye anapanda mpaka kwetu Kapanga, juu rezo ya telefone ya kule Musumba inachagula siku ya kufanya kazi.

Munakumbuka mapatano yetu. Mulisema: "Odeti, kuran, huu umeme, ni kazi ya banaume, lakini nenda ujaribu. Miezi tatu. Bakikukatala, urudi nyumbani bila kelele." Nilikubali. Nilipofika hapa, nikapata nafasi ya kujaribiwa ku jengo mupya ya bureau, etaji ine, gorofa juu ya gorofa, madirisha kubwa kila upande. Patroni, mukubwa ya kazi, naye alisema yake: siku ya kukabizi jengo kwa benyewe, taa ikienda muzuri, nitapata kontra ya kazi. Ikikatala, bataleta fundi ya inchi ingine, na mi nitafunga valizi.

Nieleze kwanza hii taa, juu haiko ya kuwasha na kuzima tu. Kila taa iko na nambari yake, sawa mutoto ku masomo. Kando ya waya ya kuran kunapita waya ingine mbili, nyembamba, yenye haibebe kuran ya kuwasha kitu. Inabeba maneno. Sanduku moja kule chini inaita: "Wewe kumi na saba, punguka kidogo. Wewe makumi ine, zimika, hakuna mutu mu chumba." Na taa inasikia! Ku dari kuko jicho ndogo. Jua ikiingia sana ku dirisha, jicho inaona, sanduku inasema, taa inapunguka, na kuran haipotee bure. Mu ile etaji ine, tatu ni mi niliunga waya yake, na hii bidole yenye mulisema inafaa tu kutwanga majani ya sombe.

Wiki ya kwanza ya kuwasha ilikuwa ya mawingu, na yote ilienda muzuri. Kisha shida ikaanza. Kila siku, karibu saa sita ya muchana, jua ikiwa kali, taa inaanza kupunguka vile tuliifundisha. Mara, pwa! Jengo yote inazimika. Nyuma kule grupe, ile jenereta, inaanza kunguruma, taa inarudi kwa nguvu yote, na sanduku imesahau masomo mpaka asubui. Enjenieri ya jengo, mwenye alitoka ng'ambo na ordinateri yake, ni kusema kompyuta, alipasuka kichwa. Kule kwabo grupe inajiwasha yenyewe kuran ikikosekana, basi aliwaza hata ya kwetu iko vile, na kosa iko mu waya. Siku kumi alitafuta. Alifungua dari, alibadilisha sanduku. Kisha akanigeukia mbele ya bafundi bote: "Mama, uliunga mubaya." Mi! Nilienda kulia mu choo, nikanawa uso, nikarudia kila waya kwa mukono. Hakuna kosa. Na kufika kukabizi ilibakia siku tatu tu.

Siku ya kumi na moja nilisimama mu koridoro, telefone yangu ikiwa ku shariji. Saa sita ikafika, taa ikaanza kupunguka. Mukono yangu ikaruka yenyewe, ikachomoa shariji! Nikaiangalia. Odeti, wewe mwenye uliunga hii taa, unakimbia nini? Lakini nani hapa Kolwezi hajue? Taa ikishuka, kuran iko inashuka, na unachomoa frigo yako kabla irudi na kasirani, ikuunguze bitu. Hata mutoto ya shule anajua ile.

Nilikimbia nyuma ya jengo, kuona nani anawasha grupe. Nilikuta Tata Polidori, sentineli, mulinzi yetu, muzee mwenye alifanya kazi ya reli kule Tenke, mukono moja ku swichi kubwa, mukono ya pili ku grupe.

"Tata Polidori, munafanya nini?"

"Mwanangu, hauone? Kuran inashuka! Ninaokoa jengo. Siku kumi na moja ninaokoa, na hakuna hata mutu moja mwenye aliniambia aksanti!"

Nilicheka mpaka nikaikala chini ku mavumbi. Akanuna. Nikaomba samahani, nikamuuliza: "Tata, ku Musumba kwetu, mukubwa ya inchi, mufalme yetu, akipita, batu banafanya nini?"

"Banachutama, banapiga mikono. Kila mutu anajua."

"Bale batu beko bagonjwa?"

"Bagonjwa ya nini? Banamuheshimu!"

"Njo vile. Taa haiko mugonjwa, inasalimia jua. Jua ikipita, itasimama tena."

Akakuna ndevu. Kisha akauliza: "Na siku kuran ikishuka kweli, mi nitajua namna gani?"

Ona ulizo ya akili! Enjenieri na ordinateri yake hakuiwaza hata siku moja. Niliunga ampule moja, balbu ya zamani, mu kibanda yake, moja kwa moja ku kuran, bila sanduku, bila jicho. Nikamwambia: "Hii haisalimie mutu. Ikishuka hii, njo mukate kuran, muwashe grupe." Kisha nikapanda kwa enjenieri, nikamuonyesha yote, nikamuomba taa ipunguke polepole zaidi, macho isishituke. Alivua kofia ya kazi, akasema samahani. Nilimuambia sisikie muzuri. Akasema tena, kwa sauti, mbele ya bale bafundi bote. Kidole moja haiuwe chawa, Tata, lakini kuko siku kidole moja inaonyesha kwenye chawa iko.

Siku ya kukabizi, benyewe jengo bakafika na makoti na kravati. Saa sita jua ikapiga madirisha, na hata kwa ile polepole taa ikaanza kuonekana inashuka. Mukubwa moja akaruka: "Kuran inaenda!" Mama sekreteri akakimbilia frigo. Tata Polidori akatokea ku mulango, nguo yake ya kazi imepigwa pasi, akanyanyua mukono:

"Bakubwa, mutulie! Ampule yangu haijashuka. Taa haiko mugonjwa, inasalimia jua!"

Wingu ikafunika jua. Taa ikapanda, moja moja, sawa batu benye banasimama. Bote bakapiga mikono. Mi nililia mbele yabo, bila haya. Patroni akauliza nani alifundisha sentineli, na enjenieri akanisonga mbele na mukono yake: "Huyu mama. Taa ya jengo hii ikiwa na shida, muite yeye, musiniite mi." Kontra nilitia sahihi saa ileile, Tata, na jina yenu nyuma ya yangu.

Munisalimie mama, nitamutumia dawa ya kikohozi na Mama Anasitazi akishuka tena. Munisalimie dada Kapia, mwenye alinibebea valizi mpaka ku barabara na hakulia mbele yangu. Munisalimie katekista mwenye alinifundisha kusoma, na shangazi mwenye aliapa nitaunguzwa na waya. Mumuambie bidole yote kumi iko.

Na mutu akiwauliza, "Odeti anarudi lini?", musijibu tena, "Akishindwa." Mujibu: "Akipewa konje ya kupumzika, juu kuko jengo nzima yenye haiwake bila yeye."

Mi mutoto yenu,
Fundi Odeti