Kitenge cha Mposaji

Ujiji, Kigoma

Kaka Athumani, shikamoo.

"Mwanamume anayekuja kuposa amevaa kitenge, mkewe atavaa nini?" Hayo ni maneno yako, kaka, na nimesikia kuwa barazani kwako mafundi wote wa kanzu walicheka mpaka cherehani zikasimama. Nitayajibu, lakini adabu kwanza. Kifua chako kinaendeleaje? Goti la shemeji limepoa? Mimi ni mzima. Mchana nafundisha watu wazima kusoma, jioni nabishana na wale wanaojua kusoma tayari.

Sasa jibu. Wewe unashona tangu mimi navaa kaptula. Ukiona kola tu, unamtaja fundi aliyeikata. Iweje jicho kama hilo lione kitenge, lisione mshono?

Huko Tanga mwanamume hupimwa kwa weupe wa kanzu na koti la juu yake. Sawa, ni uzuri, nimekulia humo. Dar es Salaam nilikopita nikija huku, suruali inabana mapaja na shati linabana kifua. Vijana wanatembea kama waliokiazima kitambaa na wanatakiwa kukirudisha jioni. Tabora ni kaki, imepigwa pasi hata unaogopa kuigusa. Lakini njoo Ujiji siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Suruali pana, marinda mawili kiunoni, miguu imekunjwa chini, na upepo wa ziwani unaichezea. Juu yake shati la kitenge, limeachwa nje, shingo imetiwa nakshi. Na mfuko, kaka! Ua la mfukoni limekutana na ua la kifuani hata mfuko huuoni mpaka mtu atumbukize mkono. Jumapili utawaona Wakristo nao, nakshi zao tofauti, majivuno yale yale. Nilimwona mpakuzi wa dagaa pale ufukweni Katonga asubuhi, amelowa maji ya samaki mpaka viwikoni. Alasiri nikakutana naye njiani, nikamwamkia nikidhani ni mkubwa wa bandari.

Unasema kitenge ni ugeni wa Kongo, tena ni nguo ya kike. Kanzu unayoshona ilivuka bahari. Koti unalolivaa juu yake lilivuka bahari nyingine, ya mbali zaidi. Kitenge kimevuka ziwa tu, nacho ndicho kimekuwa mgeni? Kila mkutano tunaambiana sisi sote ni ndugu. Udugu gani huo unaokwamia kwenye mfuko wa shati?

Lakini ubishi huu wote si kitu mbele ya nilichokisikia juzi. Nilikwenda kwa mama yake Rashidi, kijana aliyekuja huko kumposa binti yako ukamrudisha bila jibu. Nikamkuta jirani amejiegemeza ukutani, anamchokoza Rashidi.

"Bwana harusi! Eti Tanga wamekuuliza bei ya kanga?"

"Wameniuliza hiyo suruali yako moja utaizika lini," Rashidi akamjibu.

Wakacheka, lakini yeye alicheka kwa meno tu.

Mama yake akanikaribisha mkekani. "Mwalimu," akaniambia, "kosa ni langu. Miguu hii haipandi treni. Nikanunua kitenge, nusu nikashona gauni, nusu nikampa fundi amshonee mtoto. Nikasema, mimi sifiki, lakini wakwe waone ana mama. Kwetu ukivaa sare na mzazi, umekuja naye." Akalinyoosha gauni magotini: maua yale yale ya shati la Rashidi. "Kumbe nimewapelekea kichekesho."

Umeelewa, kaka? Mama wa watu alifika mlangoni kwako akiwa shatini mwa mwanawe, nawe ukamcheka, hukumpa hata maji. Mjomba aliyemsindikiza kijana alijaribu kukueleza, mkamkatiza kwa vicheko. Sasa mjomba huyo anasema heshima yao imetosha kuchezewa, atamtafutia Rashidi mke huku huku, kijijini Ilagala. Binti yetu Zuhura analijua hilo. Kila asubuhi anakwenda zahanati kuwahudumia wagonjwa, akirudi kwangu anapika, ananiandalia, halafu anasema ameshiba. Mimi ni baba yake mdogo tu. Neno la posa ni lako.

Nisalimie shemeji, mama wa watoto. Nisalimie shangazi Mwanahawa, aliyetulea baada ya mama, umwambie samaki wake wa ziwani, migebuka mikavu, wanakuja na treni. Nisalimie na binamu Juma, muuza kahawa wa barazani, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea barua hii kwa sauti huku wewe unashona.

Nanyi mafundi mnaoisikiliza, acheni kazi kidogo. Yule aliyecheka kuliko wote amletee kaka kalamu na karatasi. Kaka, usiniandikie mimi. Mwandikie mama yake Rashidi, leo, kwa mkono wako. Msalimie, muulize hali ya miguu yake, umwombe radhi mbele ya hao hao waliocheka, kisha umpe jibu la posa. Zuhura amekwisha toa lake. Tunasubiri lako.

Mdogo wako, anayekuheshimu na kukupinga,

Sefu