Unga wa Njia Panda

Jumatatu, 7 Julai

Nimefagia uwanja tena. Mchanga hauishi. Magoti yanauma, mgongo unauma, na nina furaha kama mtoto wa sikukuu. Hatimaye nimepata mahali pa kuchora mzingile wangu: saruji tupu nyuma ya soko la zamani hapa Malindi, vichochoro vitatu vinapokutana. Njia moja nyeupe, inazunguka na kuzunguka mpaka katikati, kisha inakurudisha ulikoingilia. Hakuna kupotea. Unatembea tu. Miaka yote hii nimechora mabango ya vinyozi na kuku wa kukaanga. Sasa nachora kitu cha kukanyagwa.

Bi Zuhura, anayeuza mahamri na mbaazi pembeni mwa uwanja, ameniuliza njia hiyo inakwenda wapi. Nimemwambia haiendi popote. Amenitazama kwa huruma, akanipa hamri la bure.

Jumanne, 8 Julai

Mvua alfajiri. Saruji imenyonya maji, chaki haishiki. Afisa wa mji aliyenipa kibali anakuja kukagua Jumamosi. Siwezi kukaa nikingoja jua.

Kisha nikakumbuka nyumbani Machakos. Shuleni uwanja wa mpira tulikuwa tukiuchora kwa majivu au unga. Nikanunua pakiti mbili za unga wa mahindi. Msumari katikati, kamba, nikazunguka nikinyunyiza. Pakiti moja na nusu imekwenda. Mistari imetoka safi kabisa. Mimi ni hodari. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema. Kesho rangi.

Jumatano, 9 Julai

Nimefika na ndoo zangu, uwanja mtupu. Kazungu, mwenye mkokoteni wa maji, kila siku hupita katikati. Leo amezunguka mbali na madumu yake yote. Nimemsalimia. Amejibu bila kunitazama. Akina mama wamewavuta watoto wao kwa mikono. Bi Zuhura amekaa mbele ya sufuria ya mbaazi iliyojaa, hana mteja hata mmoja.

Ni yeye aliyenieleza. "Mwanangu, unga mweupe njia panda ni kafara. Mtu amemwaga nuksi yake hapo, atakayekanyaga aondoke nayo. Sasa nani atavuka hapo kuja kula kwangu?"

Nilitaka kucheka. Sikucheka. Nikaitazama mistari niliyojisifia jana, nikaiona kama wanavyoiona wao. Uso ukaniwaka. Kwetu mistari ya uwanja wa mpira, hapa nuksi ya mtu. Na mmwagaji ni Mkamba, tena. Sisi na sifa zetu za uchawi.

Saa kumi afisa amepiga simu. Malalamiko yamemfikia. Akikuta Jumamosi watu bado wanapakwepa, uwanja utasuguliwa, uwe maegesho ya bodaboda. Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeamka na hasira. Hasira imezaa wazo. Nimemwendea Bi Zuhura na ile nusu pakiti iliyobaki. Shikamoo kwanza, kisha samahani, kisha ombi: anipikie uji wa unga uleule, palepale uwanjani, watu wakiona. Ameuliza kama nitakunywa mimi kwanza. Nikamwambia nitamaliza sufuria.

Nimefagia mistari yote peke yangu, mchana kweupe. Hakuna aliyejitolea kunisaidia na siwalaumu. Bi Zuhura akabandika maji. Watu wakasimama mbali wakijifanya wana shughuli zao. Nikakaa katikati kabisa na bakuli langu. Uji wa moto. Ulimi umeungua. Nikanywa wote.

Bi Zuhura akaja mpaka nilipokaa, akajimiminia wake. Kazungu akaegesha mkokoteni pembeni. Akauliza kama kuna sukari.

Kulikuwa na sukari.

Kufikia alasiri jua limekausha saruji na chaki imeshika. Safari hii kamba sikuishika peke yangu. Bi Zuhura amesimama katikati akishikilia mwisho wake, Kazungu ameivuta ikanyooka, mimi nimechora. Kazungu anadai mduara wa tatu umepinda. Nimepima. Haujapinda. Bado anabisha. Nimefurahi mpaka nimesahau magoti.

Ijumaa, 11 Julai

Rangi, rangi, rangi. Nyeupe hadi viwikoni. Watu wa swala ya Ijumaa wamepita wakiinua kanzu, wakiruka mistari mibichi. Wanaogopa kuchafuka, hawaogopi nuksi. Nyuso zao zinanionyesha.

Ni mzuri. Mungu wangu, ni mzuri. Lakini asipoingia mtu kesho, nimekwisha.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi nzima hakuna aliyeingia. Wamesimama pembezoni wakisifu. Kusifu si kutembea.

Afisa akatokea upande wa soko, faili kwapani. Akanusa mbaazi, akaukata uwanja moja kwa moja kumwelekea Bi Zuhura. Alikuwa kafika nusu.

"Baba, njia inaanzia kule ulikotoka," Bi Zuhura akamwambia, akionyesha kwa upawa. "Ukikata mistari sikuuzii."

Watu wakacheka. Afisa akarudi mwanzo. Akaingia na uso wa kazi, akageuka, akageuka tena, na karibu na katikati akaacha kutazama saa yake. Nyuma yake akaingia mama na mtoto mgongoni. Kisha wasichana wawili wa madrasa, wameshikana mikono. Kisha Kazungu, bila mkokoteni, akikagua mduara wa tatu.

Nimelia. Sikujificha.

Afisa alipotoka ndipo akapata mbaazi zake. Amekula sahani mbili. Maegesho hakuyataja, na alipoondoka alipita pembeni ili asikate mistari.

Jumapili, 27 Julai

Nimepita mapema na kopo dogo la rangi. Pale mlangoni mwa mzingile weupe umeanza kufifia kwa kukanyagwa, saruji inaonekana chini yake. Nikachuchumaa, nikachovya brashi.

Bi Zuhura alikuwa anawasha jiko. Akaniambia niache. Akasema hapo ndipo watu wanapoingilia.

Nimefunga kopo. Nikavua viatu, nikaingia.