Blanketi la Tantine

Jumamosi, Kamembe

Na kosa ni langu, kufanyia maonyesho kwenye ukumbi wa harusi. Lakini ni wapi pengine ningepata kuta ndefu vile?

Kadi ilisema wazi: "Mapenzi ya Leo na Upweke". Maonyesho yangu ya kwanza ya picha, ya peke yangu. Tantine Esperansi, mdogo wa mama, aliona mapenzi, ukumbi na jina langu, basi, kwake ni harusi yangu. Akavuka mpaka kutoka Bukavu na bamaman, akina mama wa kwaya yake, wote kitenge kimoja, wamebeba blanketi kubwa lenye utepe.

"Bwana iko wapi?" akauliza mbele ya wageni.

"Hakuna bwana, Tantine. Ni picha tu."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, huku nachemka.

Tangu asubuhi nilikuwa nawaeleza wageni kwamba yule mwanamke wa kwenye picha kubwa, kitandani, uso umemulikwa na simu, si mtu fulani. Ni sisi sote wa siku hizi. Nilieleza vizuri sana, hata mimi nikaamini. Tantine akamtazama muda mrefu, kisha akanivuta pembeni, sauti chini.

"Huyu ni weye. Unalalaka hivi tangu lini, mwanangu?"

Kama yeye ameona, basi mama kule Nzahaha ameshajua siku nyingi, ila ananyamaza tu...

Tantine alikataa kurudi na blanketi. Usiku huu kuna baridi ya ziwa. Ni blanketi la watu wawili. Nimelikunja katikati, linanitosha.