Mashini Inayokunywa Mawese

Jumanne, 2 Septemba

Iliasi amerudi kutoka Kasongo akisukuma pikipiki kwa mikono. Bido yangu ya mazutu, lile dumu la dizeli ya mashini, imerudi tupu kama ilivyokwenda. Wanaouza mafuta kwa chupa kando ya barabara, wote sasa wameweka sabuni na ndizi.

Nikamuuliza mume wangu: juu ya nini? Anasema kila mutu iko na jibu lake. Daraja limekatika. Boti imekwama Kindu. Wachimbaji wa Salamabila wamemaliza yote kwa pampu zao. Kuna vita, mbali huko. — Sasa ipi ni kweli? Akanitazama kama mutoto.

"Mama Sarah, nipe maji ya kuoga kwanza."

Miaka sita naendesha hii mashini ya kusaga muhogo, tangu baba alipokufa. Kila siku namwaga mazutu ndani. Na leo ndiyo mara ya kwanza najiuliza inatoka wapi!

Ijumaa, 5 Septemba

Mashini imenyamaza. Kijiji chetu, Lusangi nzima, ni vinu tu, tangu jua linachomoza. Jirani yangu Mama Cécilia bega linamuuma, anatwanga kwa mkono mmoja. Muhogo unaruka nje ya kinu. Hataki msaada.

Mwalimu Clovis wa fizikia alipita. Nikamuuliza: mafuta ya dunia yanaweza kuisha? Alifurahi! Nadhani hakuna mwanafunzi anayemuuliza kitu. Akachora kilima kwenye vumbi. Mafuta hayaishi siku moja kama chupa, anasema. Yanapanda, yanafika kilele, yanaanza kushuka. Ya karibu yanachotwa kwanza. Yanayobaki yako chini sana, kuyatoa ni kazi.

— Kama dhahabu ya Salamabila! Wa kwanza waliiokota mtoni. Wa leo wanashuka shimoni na pampu.

"Ni hivyo hivyo, mama."

Na sisi tuko wapi kwenye kilima? Akakuna kichwa. Wenye kusoma sana wenyewe wanabishana. Ila sisi tuko mwisho wa njia: kule yakipungua kidogo, huku yanakauka.

Halafu akaniachia neno, akaenda zake. Eti injini ya mazutu inaweza kunywa hata mafuta ya kupikia. Mawese! Nimeunguza sombe, majani yangu ya muhogo, kwa kuwaza.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumejaribu. Mawese ya moto, tumeyachuja mara tatu kwa kitenge cha zamani. Tukawasha na nusu chupa ya mazutu iliyokuwa imebaki, kisha tukafungulia mawese. Injini ikaimba — kidogo! — ikakohoa, ikazimika. Mwalimu aliona haya. Iliasi akasema tumeua mashini ya baba yangu. Machozi yalikuwa karibu.

Lakini nilitaka kuona. Nikafungua bomba: mawese yameganda humo ndani, mazito, ya njano. Kumbe! Kwenye sufuria yako moto, kwenye bomba yanapoa. Nitapata wapi moto wa kufuata bomba mpaka mwisho?

Ekzosti, pale injini inapotolea moshi. Ukiigusa inakubabua.

Jumanne, 9 Septemba

Bomba ya shaba, nimeizungusha kwenye ekzosti mara tano. Kwanza tumeipasha na makaa. Iliasi akazungusha mkono wa injini, jasho, matusi, tena — IMEKUBALI!

Moshi unanuka mikate ya kukaanga. Wanawake walikuja mbio na mabeseni. Mama Cécilia alishika ukuta wa mashini unavyotetemeka, akacheka mpaka akakaa chini. Mwalimu anaandika kila kitu kwenye daftari. Mimi pia: chupa moja ya mawese, mabeseni manne. Nitapima tena kesho. Labda mafuta yakichujwa zaidi, matano?

Jumapili, 14 Septemba

Iliasi ametangaza Kasongo nzima. Mume ni redio!

Baada ya misa mgeni akatushukia: Kahindo, mufanyabiashara wa Salamabila, mwenyeji wa Butembo. Mutu wa heshima, anaongea taratibu. Pampu zake hazina mazutu, mashimo yamejaa maji, watu wanakaa bure. Ananunua mawese yote ya hapa. Na mimi pia ananitaka. "Dada, kuja utuonyeshe ile bomba tu."

Iliasi anasema twende kesho. Nikasema nitafikiri. Ukweli? Natamani kuyaona yale mashimo. Nimesikia habari zake tangu nikiwa mudogo.

Alhamisi, 18 Septemba

Sokoni hakuna mawese. Hata kijiko. Watu wa Kahindo wamepita na baiskeli, nyumba kwa nyumba. Watoto wanakula sombe ya maji na chumvi. Binti yangu Sarah-Grâce ameisukuma sahani.

Mwanamke mmoja akaniambia kisimani, bila kuniangalia: mashini yako ilikuwa inasaga chakula, sasa inakula chakula. Nikajaza ndoo, nikaondoka. Nilifundisha injini kunywa, sikuuliza itakunywa sahani ya nani.

Mwalimu naye ameacha kucheka. Anasema tungoje mpaka chikichi nyingine ziive mtini. Mwezi mzima, labda zaidi.

Jumamosi, 20 Septemba

Kahindo amerudi. Pikipiki yake iko mlangoni, ananingojea, Iliasi ameshafunga mfuko wetu. Bado sijasema ndiyo.

Hapo Mama Cécilia akaingia na beseni lake la muhogo, na chupa yenye robo tu ndani. Mawese ya mwisho ya nyumba yake, aliyaficha kwa ajili ya wajukuu. Bega limevimba, haliinuki tena.

"Saga, mama."

Nikamwambia: na sombe? Akasema bila unga hiyo sombe wataila na nini. Akamimina nusu mwenyewe kwenye sufuria, akafunga chupa, akaikumbatia.

Tumewasha. Kahindo amesimama kando, anaangalia bomba yangu, anahesabu mizunguko kwa kidole. Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia. Nusu ya beseni imepita. Unga ni muzuri, mweupe. Mafuta yanashuka kwenye sufuria — nimepima, hayatatosha.

Injini inaanza kukohoa. Mama Cécilia anaisikia. Ameshika kizibo, hakifungui, hakiachi. Ananitazama mimi, kama ni mimi wa kusema: unga au sombe —